Mtoto wa Kware Aliyekosa Mtu wa Kumshinda

Leo sina vichekesho. Wale mmezoea video zangu za makanga wa 125 na drama za Magadi Road, vumilieni kidogo. Hii story nimeibeba tangu mwaka jana na lazima niitue.

Kuna video yangu moja nilifuta. Wengine wenu mliiona, ilikuwa ya sekunde 22. Msichana wa miaka 14, mwembamba, amevaa gi iliyomzidi mikono, amelala chali kwenye mkeka. Juu yake kuna jamaa mkubwa wa kilo karibu 80. Unaona kabisa ameisha. Halafu miguu yake inapanda, mmoja juu ya bega la jamaa, mwingine nyuma ya shingo, anafunga, anavuta kichwa chini. Hiyo mbinu inaitwa pembetatu. Jamaa anagonga mkeka mara tatu, yaani amekubali. Msichana anamwachilia, anarekebisha nywele, anarudi kwenye laini kama mtu ametoka kununua maziwa.

Sijawahi kupost kitu kikatazamwa hivyo. Kufikia wikendi nilikuwa na wafuasi mara mbili ya wale nilikuwa nao Jumatatu. Mtu wa kuuza poda za misuli akanipigia, nikamtengenezea tangazo, akanitumia 4,500. Nililipa deni la kodi, nikanunua bando, nikajiona nimeomoka.

Wiki ya tatu dogo akaacha kuja mazoezi. Mimi nikasema, haya, kichwa kimevimba, amekuwa staa. Hivyo ndivyo nilivyomwambia kocha. Kocha aliniangalia tu, akaniuliza, "Umesoma komenti za video yako?"

Nilikuwa nimesoma zile za juu. Za "moto sana" na "Kenya tuko na talanta." Usiku huo nikashuka chini, mpaka chini kabisa. Wanaume wazima, wenye picha za watoto wao kwenye profaili, walikuwa wanaandika kuhusu mwili wa mtoto wa darasa la nane na kile wangependa kuwa chini yake. Na mtu mmoja alikuwa ameandika jina la shule yake.

Nilifuta video saa nane usiku. Lakini mnajua vile mtandao uko. Ilikuwa tayari imedownlodiwa na kupostiwa na watu nisiowajua.

Sasa wacha niwaeleze nilifikaje hapo.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikwama, halafu hata ilipopatikana nusu, mimi mwenyewe nilikuwa nimekwama. Nyumbani nilisema nimeahirisha. Nilikuwa natembea Rongai jioni nikirekodi vitu, na siku moja nikasikia mshindo kutoka ghorofa ya pili, juu ya hadiwea. Nikapanda. Nikakuta mikeka ya povu iliyoshikwa na selotepu, na watu kama 12 wanaviringishana sakafuni bila kupigana ngumi hata moja. Kocha, jamaa wa mkanda wa zambarau anayefanya kazi ya umeme mchana, aliniambia nivue viatu au nitoke. Nikavua. Nilimwambia sina pesa ya kulipa. Akasema, "Uko na simu nzuri. Tupige picha, ufanye mazoezi bure."

Kwa wale hamjui jujitsu, hii ni historia ya dakika moja. Mwaka 1882 Jigoro Kano alianzisha judo pale Tokyo kutokana na mbinu za zamani za Kijapani. Mmoja wa watu waliopitia shule yake, Mitsuyo Maeda, alifika Brazil mwaka 1914, na pale Belém akamfundisha kijana anaitwa Carlos Gracie. Ndugu zake wakaingia, na mdogo wao Hélio, ambaye hakuwa na mwili mkubwa, akaegemea sana mbinu za kupigana ukiwa chini na kutumia wenzo badala ya nguvu. Ndiyo maana mtoto wa kilo 45 anaweza kumgongesha mkeka mtu wa 80. Ni hesabu ya viungo.

Lakini kuna kitu kingine nilichukua muda kuelewa. Huwezi kufanya jujitsu peke yako. Mkimbiaji anaweza kutoka asubuhi Ngong Hills akajichosha mwenyewe. Mcheza mpira anaweza kupiga ukuta. Sisi lazima kuwe na mwili mwingine unaokataa. Ukikosa mtu wa kukukatalia vizuri, unakwama pale pale ulipo, hata uwe na kipaji namna gani.

Na huyu dogo ndiyo shida aliyokuwa nayo. Pale kwetu kulikuwa na wasichana wawili tu: yeye, na mtoto wa miaka tisa. Waliobaki wote ni wanaume. Wengine walikuwa wanamwachia ashinde kwa huruma, wengine wanamkalia tu kwa uzito. Yule jamaa wa video? Baadaye alinikubalia kwamba alikuwa amelegeza. Kwa hivyo hata ile klipu iliyonipa jina haikuwa kweli kabisa. Nilikuwa nimeuza huruma nikiita kipaji.

Mnajua kilichokuwa kinaniuma zaidi? Kitengela kulikuwa na klabu yenye wasichana wanne wa umri wake na uzito wake. Kitengela! Ukiangalia ramani, ni hapo tu ng'ambo ya Tuala. Lakini kocha wetu na kocha wa huko walikuwa hawajaongea miaka miwili. Sababu? Kijana mmoja alihama klabu. Basi. Mmoja akasema ameibiwa, mwingine akasema kijana alijiletea mwenyewe, na kutoka hapo watoto wa pande zote mbili wakabaki kila mtu na mkeka wake mdogo.

Haya mambo hayakuanzia Kajiado. Huko Brazil kuna hadi neno la kumtukana mtu anayehama klabu, "creonte," jina la mhusika wa tamthilia ya runinga, na anayesemekana kulisambaza ni mwalimu mkubwa Carlson Gracie. Kwa hivyo wivu wa makocha ni urithi wa huu mchezo. Lakini kuna urithi wa kuchukua na kuna wa kuacha. Klabu yenye watu 40 inaweza kujifungia. Klabu ya watu 12 juu ya hadiwea ikijifungia, inakufa njaa.

Wiki moja baada ya kufuta video, nilienda kwa mamake. Kocha alikataa kunisindikiza. Akasema, "Hilo ni lako."

Anauza chapati na maharagwe Kware, karibu na stage ya boda. Nilisubiri wateja wapungue. Nikaanza kueleza vile mtandao unafanya kazi, vile sikujua, vile nimeshafuta. Aliendelea kugeuza chapati. Halafu akaniuliza, "Wewe kijana, hiyo video ilikuletea pesa ngapi?"

Nikasema 4,500.

"Na mtoto wangu ulimpa ngapi?"

Wasee, sikuwa na jibu. Nilitoa simu nikamwambia namtumia nusu sasa hivi. Akanyanyua mkono. "Sitaki. Nikichukua itakuwa nimemuuza pamoja na wewe."

Nikamwambia, "Mama, naomba msamaha." Akasema amesikia. Hakusema amesamehe. Akanipa chapati moja, nikalipa, nikaenda.

Nilirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Mara ya tatu au ya nne ndiyo alianza kuongea. Alisema mtoto hajaacha kufanya zile mbinu, anamkaba ndugu yake mdogo kwenye kitanda kila jioni. Alisema hakuwahi kuchukia mchezo. Alichochukia ni kwamba kuna ukumbi uliojaa wanaume, usiku, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi, na yeye hajawahi kuulizwa chochote. "Hata shule wanatuma barua mtoto akienda trip," alisema. "Nyinyi mlichukua tu."

Kisha akatoa masharti, akihesabu kwa vidole vyenye unga. Moja, mlango uwe wazi. Mbili, kuwe na mwanamke mzima ukumbini kila wakati watoto wakiwa ndani. Tatu, mtoto asirudi nyumbani peke yake gizani. Nne, akishuka darasani, mazoezi yasimame. Tano, akaninyooshea kidole cha tano, "wewe na hiyo simu."

Niliandika hayo masharti kwenye simu nikampelekea kocha. Aliyasoma mara mbili. Akasema, "Haya mambo tulipaswa kuwa nayo kabla hatujanunua mikeka." Nilidhani atakasirika. Siku iliyofuata yalikuwa yamebandikwa ukutani.

Sharti la pili ndilo lililotushinda. Mwanamke mzima tungemtoa wapi? Hapo ndipo ikabidi tuongee na Kitengela, kwa sababu klabu ya huko ilikuwa na dada wa miaka 24, mkanda wa bluu, aliyekuwa akifundisha watoto. Mimi ndiye niliyepiga simu, kwa sababu mimi si kocha na sina heshima ya kupoteza. Nilimwambia kocha wa Kitengela ukweli wote, hata ule unaoniaibisha. Alinyamaza, halafu akasema, "Hata sisi tuna msichana aliacha kwa sababu kama hiyo. Sisi hatukuenda kwa mamake."

Wale makocha wawili walikutana Jumapili moja kwenye hoteli ya nyama. Sijui waliongea nini kuhusu yule kijana aliyehama. Najua walirudi na mpango: Jumapili ya mwisho ya kila mwezi, klabu zote mbili mkeka mmoja, mwezi huu Rongai, mwezi ujao Kitengela. Hakuna ada. Hakuna kuambia mtoto wa mwenzako "hamia kwetu." Mtoto ni wa klabu yake, lakini marekebisho anaweza kupewa na kocha yeyote. Na dada wa mkanda wa bluu anakuja Rongai kila Jumatano, nauli yake tunachanga. Siku zingine mamake yule wa miaka tisa anakaa nasi ukumbini.

Niliuliza kocha kama tunafanya kitu cha ajabu. Akanicheka. Akanionyesha Ufilipino. Ule si mchezo wao wa asili, na kule pia kuna watoto wengi wa mitaa kama yetu. Jujitsu iliingia Michezo ya Asia mwaka 2018. Ile iliyofuata, ya Hangzhou, iliyosukumwa hadi 2023 kwa sababu ya korona, wanawake wawili wa Ufilipino walirudi na dhahabu: Meggie Ochoa wa kilo 48 na Annie Ramirez wa kilo 57. Kilo 48, wasee! Huo ni uzito wa dogo wetu akishiba. Na Meggie Ochoa anajulikana pia kwa kampeni ya kulinda watoto dhidi ya unyanyasaji wa kingono, ambapo mchezo wenyewe unatumika kuwajenga watoto. Yaani mtu bingwa wa dunia aliona usalama wa mtoto ni sehemu ya kazi. Mimi niliufahamu baada ya kufundishwa na muuza chapati.

Hapa nyumbani pia kuna mifano, hata kama ni ya michezo ya jirani. Kiplang'at Sang alibeba judo ya Kenya hadi Olimpiki ya London mwaka 2012. Zeddy Cherotich akafika Paris mwaka 2024. Faith Ogallo alianza taekwondo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii, Bungoma, na akafika Tokyo. Fikirieni hiyo ya mwisho. Hakuanza na miaka mitano kwenye ukumbi wa kifahari. Alikuwa mahali ambapo kulikuwa na mtu wa kumwambia "jaribu," na watu wa kujaribu nao.

Jujitsu haiko Olimpiki, judo iko. Kwa hivyo mtoto wetu akitaka kwenda mbali, siku moja atahitaji mtu wa judo wa kumfundisha kuangusha. Hiyo tena ni klabu nyingine na simu nyingine ya kupiga. Hakuna kocha mmoja Kajiado nzima aliye na kila kitu.

Mamake alimruhusu kurudi miezi miwili baadaye. Jumapili ya kwanza ilikuwa Kitengela. Tulipitia Tuala, vumbi mpaka kwenye meno, na yeye mama akaja nasi, amevaa za kanisa. Alikaa kwenye benchi, mkoba kwenye magoti.

Dogo aliwekwa na msichana wa Kitengela, umri mmoja, uzito karibu mmoja. Alijaribu ile pembetatu yake maarufu. Yule mwingine alisimama wima, akasukuma goti, akapita pembeni, akamkalia kifuani. Dogo akagonga. Wakaanza tena. Akagonga tena. Mara nne kwa dakika tano. Niliona midomo yake inatetemeka nikasema, haya, tumempoteza mara ya pili.

Alitoka kwenye mkeka akaenda moja kwa moja kwa dada wa mkanda wa bluu. Nilikuwa karibu nikasikia. Hakuuliza mbona nimeshindwa. Aliuliza, "Amepitaje hapo?" Dada akapiga magoti, akamwonyesha mahali kiuno kinapaswa kuwa. Yule msichana aliyemshinda naye akaja, akamwambia, "Wewe ukivuta kichwa mapema mimi siwezi kusimama." Mtu amekushinda mara nne halafu anakupa dawa yake mwenyewe! Kwa mara ya kwanza dogo alikuwa na mtu wa kumshinda kwa haki, na mtu wa kumweleza ameshindwaje. Kwangu mimi, huo ndio ulezi wa kipaji. Mengine yote ni nauli.

Jambo lingine kuhusu ulezi. Nilimwambia kocha siku moja kwamba nataka kuacha kurekodi kabisa, kwa aibu. Alikuwa anafagia mikeka. Akasema, "Uliacha chuo, sikukuuliza. Hii usiache kwa aibu. Ukiacha, aibu inabaki na kazi hakuna wa kuifanya." Kisha akanipa ufagio. Tangu nitoke chuo, watu walikuwa wameniuliza nitafanya nini na maisha. Yeye alinipa ufagio na nikarudi kesho yake. Kwa hivyo nikiongea kuhusu umuhimu wa kuwa na mtu mkubwa anayekushika, siongei kuhusu watoto pekee.

Sasa narekodi hivi. Uso wa mtoto hauonekani. Jina la mtoto au la shule halitajwi. Mzazi anaona video kabla yenu, na akisema hapana, ni hapana, hata kama ni moto. Komenti nazifunga. Pesa ikiingia kutokana na video ya mazoezi, nusu inaenda kwa mfuko wa klabu, na kocha wa kila upande anaona hesabu. Kutazamwa kumeshuka sana, siwezi kuwadanganya. Lakini kwa ule mfuko tumenunua gi mbili za mitumba kwa watoto ambao wazazi wao hawangeweza. Gi mpya huku inaweza kukula karibu kodi ya singo ya Kware, kwa hivyo msidharau mitumba.

Najua kuna makontenti kriyeta wenzangu watasema nimekuwa mlokole. Jiulizeni tu lile swali la mama: yule mtoto kwenye video yako ulimpa ngapi? Na kama jibu ni sifa, muulize kama sifa ndizo alizotaka.

Na makocha wa Rongai, Kiserian, Ngong, Kitengela, wa judo, wa taekwondo, wa ndondi, wa chochote: mtoto wako akienda kuviringishana kwa jirani Jumapili moja, hajakuacha. Atarudi Jumatatu akiwa na kitu ambacho hukuwa nacho. Mkeka wetu uko wazi Jumapili ya mwisho ya mwezi. Mlango pia uko wazi, na kwa sababu ya baridi mje na sweta.

Dogo bado hajawa bingwa wa chochote. Bado ni mkanda wa utotoni. Kwa sheria za shirikisho la kimataifa, IBJJF, hawezi kupewa bluu kabla ya miaka 16, na mweusi ni kuanzia 19, ingawa watu wengi huchukua karibu miaka 10. Hakuna njia ya mkato hapo, na mimi nimeacha kuitafuta. Mwezi uliopita alishindwa na yule wa Kitengela mara mbili, akamshinda mara moja.

Juzi nilipita kwa mamake kununua chapati. Nikamuuliza mtoto anaendeleaje nyumbani. Akasema, "Ameanza kuniuliza kama anaweza kunijaribia ile ya miguu. Nimemwambia aoshe vyombo kwanza."